Marehemu Yoramu Ndahani na Kiti cha Mjukuu

Ndugu wafiwa, na ninyi nyote mlioacha mashamba na kazi zenu mkaja kulia nasi hapa Mpwapwa leo, familia imeomba historia hii ianze kwa kuwataja waliokuwemo katika pikapu nyeupe siku ya Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1993, kwa sababu siku hiyo inaeleza baba yetu alikuwa mtu wa namna gani. Mbele alikuwa marehemu mwenyewe, akiendesha. Kando ya mlango alikaa mkewe, mama Raheli. Katikati yao, kwenye kiti chake kidogo, alikuwa mjukuu wao wa kwanza, Dorothea, aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza mwaka mmoja. Na nyuma, juu ya magunia ya mahindi, walikaa mwana wao Luka na mke wa Luka, Aneth, pamoja na mbuzi mmoja waliyepewa zawadi kule Kibakwe. Yaliyotokea siku hiyo yatasomwa mahali pake.

Marehemu Yoramu Ndahani alizaliwa tarehe 9 Machi 1938, katika vilima vya Kibakwe, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Ndahani Masinga na mama Anyesi, ambao wote wametangulia mbele za haki. Mwaka 1948 aliletwa hapa Mpwapwa kwa shangazi yake ili asome shule ya misheni, akamaliza darasa la nne mwaka 1951, na tangu hapo, kama alivyopenda kusema, aliendelea kusoma chini ya magari.

Mwaka 1955 alianza kazi ya utingo kwenye lori lililopeleka karanga na ngozi stesheni ya Gulwe, na mwaka 1961 aliajiriwa kuwa fundi msaidizi katika karakana moja ya serikali mjini Dodoma, akapanda hadi kuwa fundi mkuu, akaitumikia kazi hiyo mpaka tarehe 31 Julai 1992, alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Hakununa, wala hakukaa kibarazani kuhesabu waliobakizwa. Alirudi Mpwapwa, akanunua pikapu kuukuu, akafungua karakana yake karibu na stendi akiwa na fundi mwenzake, Bwana Damas, wakati ambapo magari yaliyotumika Japani yalikuwa yameanza kumiminika nchini.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Raheli tarehe 24 Oktoba 1964, na Mungu akawajalia watoto watatu, Luka, William na Elieth. Luka alimwoa Aneth mwaka 1991, na Aneth, aliyetoka kwao akiwa na darasa la saba na woga mwingi, aliingia katika nyumba ambamo baba mkwe wake alikohoa kila mara kabla ya kupita uani, ili mkwe apate muda wa kujifunga khanga yake vizuri, na hakumaliza mboga ya bakuli hata siku moja kabla ya kujua kama waliokuwa jikoni wamekula. Mambo kama hayo hayaandikwi popote, lakini Aneth aliyaona yote.

Mapema mwaka 1993, mfanyakazi mmoja wa ofisi za Dodoma, dada Bupe, alileta gari lake kutengenezwa, na ndani yake kulikuwa na kiti kidogo cha plastiki chenye mikanda, kilichosahauliwa huko Japani lilikotoka. Dada Bupe alidhani ni kiti cha kunyolea watoto, na nyumbani kwake kuku alikuwa amekwisha kutagia humo mara mbili, kwa hiyo alimwachia fundi bila kinyongo. Marehemu alikigeuza, akaitazama picha iliyobandikwa ubavuni, maana maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma, akatambua kuwa ni kiti cha mtoto cha kufungwa garini. Kwa desturi yetu mkwe haketi bega kwa bega na baba mkwe wake, hivyo kila safari Aneth alipanda nyuma na mtoto akapakatwa mbele na bibi yake, ambaye magoti yalikuwa yakimuuma, na barabara zetu mnazijua. Marehemu aliona kiti hicho kimekuja kwa ajili yao.

Mama Raheli hakukipenda, alisema mtoto wa mtu hafungwi kama mbuzi wa mnadani. Marehemu akamjibu, "Mbuzi tunamfunga kwa sababu tunataka afike," na mama akacheka, na mjadala ukaishia hapo.

Kosa lililotendeka ni kosa la kwetu sisi wa huku. Kila kitu kinachosafiri katika nchi hii kavu hufungwa kwa mpira wa tyubu, debe kwenye keria ya baiskeli, kitanda juu ya basi, matenga ya kuku, na marehemu naye alikibana kiti cha mjukuu kwa mipira ya tyubu, akaizungusha kwenye egemeo la kiti kikubwa mpaka kikakaa imara. Siku ile ya Agosti, wakiteremka mlima kutoka Kibakwe, kundi la ng'ombe lilikatiza barabara, marehemu akakanyaga breki, na mpira ukafanya kazi yake ya kunyumbuka, kiti kikaruka mbele na Dorothea ndani yake, mdomo wake ukagonga dashibodi. Aneth huko nyuma alisikia breki, kisha kilio, na kioo kilikuwa kimejaa vumbi asione kitu.

Mtoto alishonwa mdomo wa juu katika zahanati iliyokuwa karibu, akapona, na kovu lake ni dogo. Lakini kabla ya kufika huko, marehemu aliteremka, akamkabidhi Aneth mtoto kwa mikono miwili, akasema mbele ya mkewe na mwanawe, "Mwenye kosa ni mimi niliyefunga, wala si ng'ombe."

Tangu siku hiyo Aneth hakumpandisha tena mtoto kwenye gari lile. Alimbeba mgongoni kwenda kliniki, kanisani na shambani, na pikapu ilipompita njiani alisogea pembeni na kutazama chini, maana hakutaka kumvunjia baba heshima, wala hakuwa tayari kumpa mtoto wake kwa mara ya pili. Wapo waliomshauri marehemu amwambie Luka amkanye mkewe. Marehemu alikataa, akasema mama mwenye hofu ana haki yake.

Yeye alirudi kazini. Alikata mikanda ya gari lililopondeka, akaipitisha nyuma ya kiti kikubwa hadi chini, akatoboa sakafu mpaka akakutana na chuma cha chesisi, akafunga kwa bolti, na chini akaweka bamba nene ili bolti zisipasue bati. Kisha alijaza mchanga katika mfuko wenye uzito wa mtoto, akaufunga kitini, akaenda kiwanja cha mpira na kufunga breki kwa ghafla, akarudia, mpaka Bwana Damas akalalamika kwamba mfuko wa mchanga unaheshimiwa pale karakana kuliko yeye.

Siku moja ya Desemba alimtuma mama Raheli kumwita Aneth. Alipofika karakana, marehemu aliufungua mlango wa pikapu, akatoka, akaenda kusimama mbali chini ya ukuta akiwa amempa mkwe mgongo, ili aingie mbele bila kuona haya, akasema kutoka huko, "Mama Dorothea, sikuombi uniamini. Vuta mwenyewe."

Aneth alivuta kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, kisha akakanyaga dashibodi kwa miguu yote na kuvuta kwa nguvu zake za kutwanga, pikapu nzima ikatikisika, kiti hakikusogea. Alishuka, akaenda nyumbani, akarudi na mtoto.

Baadaye Sajenti Raphael wa usalama barabarani aliisimamisha pikapu, akauliza ni sheria gani inayoruhusu kumfunga mtoto hivyo, na marehemu akamuuliza kwa adabu ni ipi inayokataza. Sajenti alikiri kwamba kifungu cha kiti cha mtoto hakumbuki kukisoma, ila cha gari bovu anakikumbuka vizuri sana, akaingia uvunguni kukagua bolti moja moja, akatoka na vumbi usoni na kusema zimekaza. Kwa msaada wake madereva wa pikapu wa stendi yetu walipatana wenyewe kwamba dereva asiendeshe akiwa amepakata mtoto, na wengi walikuja kwa marehemu wafungiwe viti, vingine vya mbao alivyochonga seremala jirani. Watu huuliza viti hivyo vimeokoa watoto wangapi. Hatujui, kwa sababu hakuna aliyeumia tena, na kwa kutojua huko tunamshukuru Mungu.

Mwezi Februari 1998, mvua kubwa zilipokuwa zimekata barabara, marehemu alipatwa na kiharusi. Majirani walimbeba kwa machela kuvuka korongo hadi lilipokuwa gari upande wa pili, akalazwa Dodoma, akapata nafuu, akarudi. Hali ilibadilika tena mwishoni mwa Mei, na siku ya Jumatano, tarehe 3 Juni 1998, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani kwa upole kama baba yao, majirani waliotumbukia kwenye maji ya korongo, Bwana Damas aliyekuja kila jioni kumsimulia habari za magari, Sajenti Raphael, madereva wote wa stendi, na akina mama wanaopika tangu juzi bila kuombwa.

Kazi umeifanya, Baba Luka, sasa upumzike kwa amani. Kiti cha mtoto wa mwalimu Evarista, ulichokiacha juu ya meza ya karakana ulipougua, Luka atakifunga Jumatatu.