Mkasi Wangu na Bamba la Tangi

Sogeeni, wanangu, wewe kifungua mimba kaa kulia kwangu na wewe kitinda mimba kaa kushoto, na msitazamane kwanza, nitazameni mimi, maana pumzi niliyobaki nayo sitaki kuimalizia kuamua ugomvi, nataka niseme kweli.

Mnajua nilikuwa mshona nguo kabla baba yenu, Mungu amrehemu, hajanunua ile mashine ya plazma inayokata chuma kwa moto mwembamba kama sindano. Mwaka wa kwanza alikata kwa kukadiria macho, akaharibu mabamba hata jirani yetu seremala akamwita Bwana Vipande. Nikamwambia, "Mume wangu, mimi sithubutu kukata kitambaa cha watu bila pateni, ile karatasi ya kufuatisha umbo, wewe unakataje chuma bila hata karatasi?" Akacheka, lakini kesho yake alirudi na karatasi ngumu. Nikachora ua, nikalikata, akalilaza juu ya bamba, akalizungushia chaki, akaiondoa karatasi isiungue, kisha akaufuata ule mstari kwa moto. Ua lile lilitoka kama limechanua lenyewe, na tangu hapo hakuna chuma kilichokatwa kwetu kabla ya karatasi.

Nanyi mkaipokea kazi vizuri, dada akichora, kaka akikata, mpaka lilipokuja tangi la zahanati. Bamba la kitako likatoka dogo, limepungua upana wa kidole pande zote, na wagonjwa wakakaa wiki nzima wakiletewa maji kwa ndoo. Wewe uliyekata ukafoka, "Pateni yako mbovu!" Na wewe uliyechora hukukubali kushindwa, ukamuuliza mbele ya wateja, "Kwani asubuhi ulikunywa nini?" na ilhali unajua ndugu yako hajawahi kuonja pombe. Basi ukahamia ng'ambo ya barabara na kalamu zako, na mwaka wa sita huu wajukuu zangu wanasalimiana kupitia matundu ya uzio kama wafungwa.

Sasa nisikilizeni. Pateni haikuwa mbovu, wala mkono haukutetemeka. Ni mimi.

Asubuhi ile, kabla bamba halijakatwa, niliingia karakana kufagia, nikaiona karatasi mezani ina mistari miwili, mmoja ndani ya mwenzake, nikasema moyoni, binti yangu ameacha pindo kama la gauni, naye anajua chuma hakishonwi. Nikachukua mkasi wangu, nikauzunguka mstari wa ndani taratibu, tena nikajisifu. Kumbe mstari wa ndani ulionyesha ukuta wa tangi utakapokaa, na ule ukingo niliouita pindo ndio uliokuwa wa kuchomelea. Nilipowasikia mnagombana nilielewa papo hapo, nikakiokota kile kipande cha karatasi nilichokiondoa, nikakitia jikoni kwenye makaa. Niliona haya, mimi niliyewafundisha kushika mkasi, nikajidanganya kuwa yatapoa yenyewe. Mficha uchi hazai, wanangu. Mimi nilificha, na undugu wenu ndio uliolipia.

Usilie, binti yangu. Na wewe usiangalie dari, nikasirikie, ni haki yako, ila ukasirike ukiwa umekaa hapahapa.

Cherehani yangu apewe mjukuu wa kike mkubwa, kwa sababu ana subira. Mashine ya plazma na karakana ni zenu wote wawili, na asije mtu akajenga ukuta katikati. Pateni za baba yenu zilizotundikwa misumarini msigawane, mzitumie. Na kuanzia leo kila mstari mtakaochora muuandikie kazi yake, maana mstari usio na maneno ni mtego kwa mjuaji kama mimi. Na atakayekosea aseme siku ileile, chuma kikiwa bado cha moto.

Jambo jingine... nipeni maji kidogo. Ahsante. Muuguzi mkuu alikuja kunijulia hali juzi, akasema zahanati inataka tangi la pili. Nikamjibu, wanangu watalitengeneza, wote wawili. Sikuwauliza. Mama anayekufa haombi ruhusa.

Unasemaje, binti yangu? Sema kwa nguvu, ndugu yako masikio yake yameliwa na mashine. "Kaka, nisamehe." Enhe. Na wewe usinitazame mimi, mjibu yeye... Umemshika mkono. Basi, basi, usimvunje, huo ndio unaochora.

Mungu ayalinde macho yenu na cheche... awape watoto wasioogopa kusema "ni mimi"... na kila mtakachokiunga kisivuje. Radhi zangu mnazo, zote, sikubakiza.

Nigeuzeni upande wa dirisha... hivyo. Nimechoka, lakini uchovu mtamu, kama wa kumaliza nguo ya harusi. Msinikalie hapa kama wageni. Zahanati haiko mbali... nendeni mkapime... pamoja.