Viatu vya Mwalimu Ndoo

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mliofanya kazi na mpendwa wetu, familia inasimama mbele ya jeneza hili si kwa nia ya kumpamba marehemu, maana yeye mwenyewe alikataza kupambwa, bali kusema kweli juu yake mbele za Mungu aliyemuumba na mbele zenu mliomjua. Historia hii imeandikwa na mdogo wake wa kike, mzee wa kanisa, ambaye ndiye anayewasomea, na tarehe zote zilizomo, isipokuwa ya kifo chake, zimetoka katika madaftari ya marehemu, ambayo hayakuwahi kukosa tarehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, baba akiwa fundi wa kuchomelea vyuma na mzee wa kanisa, mama akiwa mkunga wa zahanati. Mfereji wa maji ya kupoozea mitambo ulipita chini ya dirisha la jiko, na humo ndimo alimokutana na vyura kabla hajajua kusoma, hata asubuhi moja ya mwaka 1964 mama akafunua sufuria anayochemshia mikasi yake ya kazi, akakuta viluwiluwi kumi na saba wakiogelea humo, akamwita mwanawe kwa majina yake yote matatu, jambo ambalo katika nyumba ile lilimaanisha fimbo. Baba, fimbo ikiwa mkononi, alimkumbusha kwamba vyura walikuwa pigo la Misri, naye mtoto akajibu kwa adabu kwamba, kwa jinsi alivyosikia kanisani, mwenye moyo mgumu alikuwa Farao, lakini waliokufa na kukusanywa marundo marundo mpaka nchi ikanuka walikuwa vyura, akauliza wao walikosa nini. Baba akairudisha fimbo juu ya kabati. Tunaomba mlishike swali hilo, kwa sababu lilikuja kumrudia mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi ya karakana kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari ya bweni hadi mwaka 1977, akajiunga na chuo kikuu mwaka 1978 na kuhitimu shahada ya baiolojia tarehe 20 Novemba 1982, kisha akapelekwa masomoni katika nchi ya baridi kuanzia mwaka 1984 hadi 1987. Kutoka huko alituandikia kila mwezi, barua za kurasa nane zilizohusu kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe: ndege wanaovuka bahari mbili bila ramani, nyangumi wanaoitana kilindini, vyumba virefu vyenye rafu za chupa ambamo viumbe wa dunia nzima wamelala, kila mmoja kwa aina yake na kibandiko chake. Aliporudi alileta kanda za sauti za vyura wa mabara matano, akatuketisha sebuleni, akatupigia moja baada ya nyingine akiwa ameinamisha kichwa kama mtu aliye katika sala, na mama akasema yule wa tatu hana tofauti na baba yenu akikoroma. Alicheka, lakini alituambia kwamba kazi ya kwanza aliyopewa mwanadamu bustanini, kabla ya jasho na miiba, ilikuwa kuwapa wanyama majina, na kwamba kazi hiyo haijaisha.

Aliajiriwa na idara ya baiolojia ya chuo tarehe 1 Februari 1988, na tarehe 6 Agosti mwaka huohuo alifunga ndoa na mkutubi wa chuo, ambaye leo ni mjane wake, wakajaliwa watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja. Mjane amesema tuwaambie kwamba alimpenda mume aliyesahau siku ya kuzaliwa ya kila mtu nyumbani, lakini hakusahau siku mvua ilipoanza katika mwaka wowote.

Tarehe 23 Aprili 1994, katika korongo la juu lenye maporomoko ya maji, mahali ambapo ukungu hauondoki mwaka mzima, marehemu aliinua jani akaona chura mwenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, rangi yake ya chai iliyopauka, ambaye hakuwamo katika kitabu chochote. Chura huyo aliishi hapo tu, kwenye miamba yenye unyevu isiyozidi uwanja wa mpira, na hapakuwa na mwingine wa aina yake chini ya mbingu. Marehemu alimpa jina la mama yetu mkunga, kwa sababu dume wake hukesha juu ya mayai hadi yaanguliwe, na mama alipoambiwa alisema ameheshimiwa, ila angependelea ndege. Mwaka 1996 marehemu alihesabu vyura hao elfu mbili mia tatu na kumi.

Miaka ile wataalamu duniani walikuwa wakiona vyura wakifa kwa kuvu ya ngozi, ugonjwa unaosafiri katika maji na katika tope la viatu, na kuanzia mwaka 2003 marehemu aliweka sheria kwamba hakuna atakayetoka bonde moja kwenda jingine bila kupita kwenye ndoo mbili, ya kwanza ya brashi na sabuni, ya pili ya klorini, dakika kumi kwa kutazama saa, kisha viatu vianikwe juani. Aliwarudisha nyumbani wanafunzi, alimrudisha mkuu wa idara, aliwahi kumrudisha mgeni wa serikali mwenye viatu vya ngozi, na ndipo wanafunzi wakamwita Mwalimu Ndoo, wakisema kwamba siku akifika mlango wa mbinguni atamwuliza mlinzi kama amesugua nyayo.

Sasa tunafika mahali ambapo baadhi yetu hatukutaka kufika. Tarehe 9 Novemba 2007 marehemu alitoka kinamasi cha bonde la chini akiwa na wanafunzi wanne, wingu likiwa limefunga, akijua kwamba mto ukijaa njia ya korongo itakatika na hesabu ya mwaka itapotea. Chupa ya klorini ilikuwa tupu. Aliwaamuru wanafunzi wabaki, kwa kuwa hawajaosha viatu, kisha yeye mwenyewe akasugua viatu vyake kwa majani, akapanda peke yake. Aliwazuia kwa sheria ile aliyoivunja hatua ishirini mbele ya macho yao, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwita arudi, maana ilikuwa ndoo yake.

Februari 2008 alihesabu vyura arobaini na mmoja. Tarehe 17 Juni 2008 hakuhesabu hata mmoja. Pamba alizowapangusia ngozi wale wa mwisho zilipelekwa maabara, na kuvu iliyoonekana ilikuwa ileile ya kinamasi cha chini. Wenzake, kwa huruma, walimshauri aandike kwamba chanzo hakijulikani, huenda ni ndege, huenda ni watalii, na mkuu wa idara alimwomba afikirie jina la chuo. Aliandika taarifa ya kurasa kumi na mbili, na katika ukurasa wa tatu aliweka sentensi moja peke yake: "Viatu vilikuwa vyangu." Alivuliwa usimamizi wa kituo cha utafiti cha korongoni, akachekwa katika mikutano, na kwa miaka kumi na mitatu alipanda korongoni kila mwezi na kinasa sauti chake, akirudi na kanda zenye sauti ya maji tu. Viatu vile hakuvivaa tena wala kuviosha, alivifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na tope lake, akavitundikia kibandiko kama anavyotundikiwa mnyama wa makumbusho, chenye mahali, tarehe, na jina lake kama mkusanyaji.

Agosti 2021 alianza kuumwa, akagundulika ana saratani ya ini, akalazwa mara tatu. Tarehe 2 Mei 2022, kitanda cha dirishani, wodi ya pili, alimwuliza mdogo wake, huyu anayesoma, kama kuna msamaha kwa mtu aliyefuta kiumbe ambacho Mungu alikiita kiwepo. Mdogo wake, aliyefundisha shule ya Jumapili miaka thelathini, alijibu haraka kwamba vyura hawana roho, kwamba asijitese, kwamba hilo si dhambi. Marehemu akageukia ukuta hadi muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Kosa hilo nalo limo katika historia hii, kwa kuwa kuna faraja inayomfungia mtu nje, na aliyeitoa alikuwa mtu wa kanisa aliyeona haya kuketi na majuto ya kaka yake.

Siku sita mdogo wake huyo alifunga na kuomba, akamkumbuka Yule ambaye shomoro haanguki pasipo Yeye kujua, akarudi wodini tarehe 8 Mei, akavuta kiti. "Ni dhambi, kaka," alisema. "Nilikudanganya. Na kwa kuwa ni dhambi, ina msamaha. Isingekuwa dhambi, ungebaki nayo."

Machozi yakamshuka marehemu hadi masikioni kwa jinsi alivyolala, kisha akasema, "Basi mvioshe viatu. Na siku ya kunizika msifiche kitu."

Alifariki tarehe 19 Mei 2022, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na minne, na watoto wake watatu wakiwa wameshika mikono yake. Juzi sebuleni wapo waliosema ukurasa wa viatu urukwe katika historia hii, kwa heshima ya marehemu, na mjane akasema kwamba heshima ya mume wake ndiyo hiyo, asiyeitaka asimzike.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, waliomgeuza kila saa bila kunung'unika, majirani walioleta maji na viti bila kuombwa, wenzake wa idara, wakiwamo waliomcheka na ambao leo wamebeba jeneza lake, na wale wanafunzi wanne wa mwaka 2007, sasa watu wazima, ambao asubuhi ya leo waliufungua mfuko ule wa viatu uani kwetu, wakaweka ndoo mbili, brashi, sabuni na klorini, wakapima dakika kumi kwa saa yake mwenyewe, wakavianika juani, na maji yale hawakuyamwaga mferejini, wameyatia dawa na kuyachemsha, kama alivyowafundisha.

Pumzika kwa amani, kaka. Vimekauka.