Bi. Oma Stiltner: Fainali Sitini na Saba

Ndugu wa ukoo, majirani, na ninyi wageni mliovuka mlima asubuhi hii kuja kumzika mama yetu, asanteni kwa kufika. Mimi ni Twyla, bintiye wa pili. Kalamu si kazi yangu. Haya niliyoyaandika nimeyasoma mara nyingi jikoni nisije nikakosea tarehe, maana marehemu alikuwa hampendi mtu anayekosea tarehe.

Marehemu Oma Lou Keen alizaliwa Ijumaa, 9 Aprili 1943, katika bonde la Slate Creek, kaunti ya Buchanan, Virginia. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa Bw. Hobart Keen, mchimba makaa ya mawe, na Bi. Rushie. Mzee Hobart alikuwa na anasa moja tu duniani. Kila wiki ya kwanza ya Machi alikwenda Galford kutazama mashindano ya mpira wa kikapu ya Ligi ya Vyuo vya Milimani: vyuo vinane, siku tatu, anayefungwa anarudi kwao. Mwaka 1958 kaka mkubwa aliugua matumbwitumbwi, nafasi yake kwenye gari ikabaki wazi, na Oma, mwenye miaka kumi na minne, akaingia kabla hajaulizwa.

Chuo cha kwetu, Dunmore, ambacho wachezaji wake tunawaita Dubu, kilifungwa siku ile ile ya kwanza. Watu wa Dunmore wakaelekea mlango wa magharibi. Mnaujua mlango huo. Ndipo waliofungwa wanapotokea, na hapo nje husimama wafuasi wa vyuo vilivyoshinda wakiinua vidole, kimoja au viwili au vitano, kuonyesha wanataka tiketi ngapi za siku zilizobaki. Mzee Hobart naye akazitoa zake mfukoni. Oma akamshika mkono.

"Baba, mbona tunaondoka? Mpira haujaisha."

"Wetu umeisha, binti."

"Mimi nimekuja kutazama mashindano. Sikuja kutazama Dubu peke yao."

Mzee akamtazama, akazirudisha tiketi mfukoni, wakarudi wakaketi. Ndivyo marehemu alivyoiona fainali yake ya kwanza, Jumamosi, 8 Machi 1958.

Alisoma shule ya bondeni, kisha sekondari ya Grundy, akamaliza darasa la kumi na mbili mwaka 1961. Hesabu ndilo somo alilolipenda. Mwalimu wake, Bi. Coleman, alikuwa akileta redio darasani kila Ijumaa ya mashindano, akaiweka juu ya meza na kusema, "Leo tunajifunza kujumlisha kwa haraka." Anayepiga kelele alitolewa nje. Marehemu, ambaye Jumamosi alikwenda Galford na babake, alituambia kwamba Ijumaa hizo zote hakutolewa hata mara moja, na kwamba ndiyo siku pekee ambayo hakutolewa.

Mwaka 1966 aliajiriwa jikoni katika shule ya msingi hapa bondeni, akafanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na tisa hadi alipostaafu Juni 2005. Wengi wenu hapa mmekula maharage yake na mkate wake wa mahindi, na wengine mlikula mara mbili kwa kujifanya hamjapata. Hakukosa kazi ila siku mbili kwa mwaka, Alhamisi na Ijumaa ya wiki ya kwanza ya Machi, ambapo alipatwa na homa. Mwaka 1983 mwalimu mkuu alimwita ofisini.

"Bi. Stiltner, homa imepungua?"

"Imepungua, mwalimu, namshukuru Mungu."

"Nafurahi. Maana Ijumaa nilikuona kwenye televisheni unaruka, nikasema, maskini, homa imempanda kichwani."

Tangu hapo siku zile mbili ziliandikwa kuwa likizo, na mwalimu mkuu akawa anaomba aletewe matokeo.

Kuhusu ndoa. Mwaka 1963 marehemu alikuwa ameketi sehemu ya 9, mstari wa F, kiti cha kwanza, na kiti cha pili alikikalia kijana wa reli aliyeitwa Burl Stiltner, mfuasi wa Chuo cha Calloway. Calloway ni Majogoo, na hapa kwetu sina haja ya kusema zaidi. Walibishana siku tatu. Siku ya nne akaja nyumbani kwa Mzee Hobart. Mchungaji alipotaka kuwafungisha ndoa Jumamosi ya kwanza ya Machi walimkatalia kwa sauti moja, na mama alikuwa akisema kwamba hapo ndipo alipojua amepata mume. Walioana Jumanne, 17 Machi 1964. Mungu aliwajalia watoto watatu: Garnet, mimi, na Denver. Mimi nilizaliwa Jumatatu, 8 Machi 1971, siku mbili baada ya fainali, na katika ukoo husemwa kwamba nilikuwa na adabu tangu tumboni.

Baba alituacha mwaka 2009. Katika miaka arobaini na mitano ya ndoa, mama aliwapigia makofi watu wa vyuo vyote vinane, ila kuwashangilia Majogoo hakuwahi. Baba alimwomba, alimbembeleza, akamwahidi jiko jipya. Jiko alinunua, mama akalipikia, na mdomo akaufunga.

Alipokufa baba, kiti cha pili nilikikalia mimi. Mnajua jinsi ukumbi ulivyokuwa ukipungukiwa watu miaka ya karibuni. Watu wananunua tiketi, halafu mvua ikinyesha wanatazama nyumbani. Mtangazaji huisoma idadi ya tiketi zilizouzwa, na mama alikuwa akisimama na kuzungusha kidole kwenye majukwaa. "Elfu nne? Hao wengine wamekaa wapi, juu ya paa? Kiti hakipigi makofi!" Yeye hakukosa. Mwaka mmoja tu wa maradhi ya korona mlango ulifungwa kwa watu wote, na akasema mwaka huo hauhesabiwi. Kwa hiyo hadi Machi mwaka huu alikuwa ameketi fainali sitini na sita mfululizo.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2022. Miguu ikavimba, ukaja mtungi wa hewa, kisha kiti cha magurudumu. Januari mwaka huu daktari alituambia tuhesabu wiki. Mimi nikawa nahesabu pumzi. Aliposinzia nilimwekea mkono karibu na pua, naye akasema bila kufumbua macho, "Bado nipo, Twyla. Ondoa mkono, unanuka vitunguu."

Alikuwa na ombi moja tu: fainali ya Jumamosi, 8 Machi 2025. Alhamisi tulimpeleka Galford, akawaona Dubu wakishinda, akala biskuti na nyama ya nguruwe aliyoificha mkobani. Ijumaa asubuhi pumzi ilimkataa. Akabaki kitandani hotelini na Garnet, akaniambia, "Nenda wewe. Isije ikawa mstari wa F una mapengo." Nikaenda. Dubu walicheza na Majogoo, tukafungwa kwa pointi moja, sitini na moja kwa sitini.

Sasa niseme lililotokea, maana mama alinitaka niliseme. Nilitoka kwa mlango wa magharibi nikilia. Mzee mmoja mwenye kofia yenye kichwa cha jogoo aliinua vidole viwili. Nikampa tiketi zetu zote mbili za fainali. Mkono ulifanya kama mikono yote ya watu waliofungwa inavyofanya pale. Lakini nisiseme ni desturi peke yake. Nilikuwa nimeuona uso wa mama asubuhi ile, nikajiambia, afadhali asiende, asije akatufia mbele ya watu.

Nilipofika hotelini nilimkuta ameketi, amevaa viatu.

"Tumepigwa?"

"Kwa moja, mama."

"Kesho saa ngapi?"

Nikaanza kuvua koti.

"Twyla. Tiketi ziko wapi?"

"Nimezitoa, mama. Mlangoni."

"Umempa nani?"

"Jogoo."

Garnet akashika kichwa. Mama akavuta hewa. "Uliogopa nitafia ukumbini," akasema. "Mwanangu, nitakufa mahali fulani tu. Kesho tutakwenda kuwaomba kuku viti vyetu."

Jumamosi tulifika saa sita. Tiketi za chini zilikuwa zimekwisha. Zilizobaki zilikuwa za juu kabisa, ngazi thelathini na mbili, na ukumbi ule hauna lifti. Nikanunua mbili ili tuingie mlangoni, nikamsukuma hadi mstari wa F. Kofia ile ya jogoo ilikuwa kwenye kiti cha kwanza.

"Samahani, mzee," nikasema. "Hicho kiti ni cha mama yangu."

"Kilikuwa," akajibu. "Jana ulinipa kwa mkono wako mwenyewe, tena ukaniongezea na kilio."

Mama akainua kichwa. "Wewe kuku, mwaka 1958 ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na miaka mitano, bibi."

"Basi mimi nilikuwa natazama fainali wewe bado unapanguswa makamasi."

Mstari wa G ukaangua kicheko. Mke wa yule mzee akampiga kiwiko. "Lonzo, inuka! Huoni mama wa watu ana mtungi wa hewa?"

"Nainuka, Ferrell, nainuka. Lakini Dubu hakalii kiti changu hivi hivi. Majogoo wakitwaa kombe, lazima awike."

Nilijua jibu la mama. Baba alilisikia miaka arobaini na mitano. Mama akakitazama kile kiti, akanitazama mimi, akamtazama yule mzee.

"Mkishinda nitawika," akasema. "Kabla ya hapo nitapiga makofi kama mtu mwenye adabu."

Wakapeana mikono. Bw. Lonzo Pruitt na mkewe wakachukua tiketi zetu na kuanza kuzipanda zile ngazi, na kila aliposimama kupumzika mama alimpigia kelele kutoka chini, "Polepole, kuku, yai litaanguka!"

Jamani, fainali ile! Majogoo na Mbweha wa Chuo cha Pinnock. Majogoo walikuwa nyuma kwa pointi tisa, zikabaki nne, wakasawazisha kengele ikilia, tukaingia muda wa nyongeza. Ukumbi ulikuwa umesimama wote. Mimi nilikuwa natazama mshale wa mtungi, mama akanipiga pajani. "Tazama mpira, Twyla! Hewa haina pointi!" Mtangazaji akasoma idadi: watu elfu tano mia moja na kumi na wanane. Mama akazungusha kidole taratibu, mstari kwa mstari, hadi kule juu walikokuwa akina Pruitt. "Wamo," akasema. "Leo wote wamo."

Sekunde mbili zimebaki, kijana mwembamba wa Calloway akatupa mpira kutoka pembeni. Ukagonga chuma, ukaruka, ukazunguka, ukaingia. Sabini na nne kwa sabini na tatu. Mama akautoa mrija wa hewa puani, akashika ukingo wa kiti cha mbele, akasimama kwa miguu yake mwenyewe, na akawika. Kokorikoo! Mara tatu. Watu wa Dunmore waliokuwa mstari wa H wakapiga mayowe, "Oma Stiltner, umetuuza!" Akageuka akiwa amewiva usoni kama msichana. "Nimelipia kiti, nyie! Ninyi mmelipia nini?" Kule juu Bw. Pruitt alikuwa akipunga kofia, analia bila kuficha.

Hiyo ndiyo ilikuwa fainali yake ya sitini na saba.

Marehemu alirudi nyumbani Jumapili akiwa amekaukiwa sauti na mwenye furaha kuu. Kila aliyekuja kumwona alisimuliwa mchezo wote, na kila mara Majogoo walikuwa nyuma kwa pointi nyingi zaidi. Alifariki Alhamisi, 27 Machi 2025, saa nne na robo asubuhi, kitandani kwake, mimi na Garnet tukiwa tumemshika mikono. Daktari alisema kwa upole kwamba safari ile huenda ilimchosha moyo. Huenda. Alipata siku kumi na tisa baada yake. Kama ni safari ile iliyozipunguza, basi mimi ndiye niliyekisukuma kile kiti cha magurudumu. Nilikisukuma nikiwa naogopa, na ningekisukuma tena.

Marehemu ameacha watoto watatu, Garnet, Twyla na Denver, wajukuu wanane, vitukuu watano, na ndugu yake mmoja aliyebaki, Bw. Estil Keen, yule aliyeugua matumbwitumbwi mwaka 1958, ambaye hadi leo anasema aliibiwa nafasi. Bw. Lonzo na Bi. Ferrell Pruitt si wa ukoo, lakini walikuja kumjulia hali tarehe 20 Machi, wakaomba siku hii nao watajwe. Mama alikubali, kwa sharti kwamba kofia ile ivuliwe mlangoni mwa kanisa. Naona imevuliwa.

Mungu ampumzishe mama yetu kwa amani, nasi tuliobaki atupunguzie hofu.