Zakayo Muiruri, Mtu wa Reli Aliyepata Kwake

Mzee wetu Zakayo Muiruri alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika landhi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, Muthurwa, Nairobi, ambako baba yake alikuwa mtia makaa kwenye injini. Kila kitu pale kilikuwa mali ya reli: nyumba, bomba, taa, hata kitanda alichozaliwa juu yake. Kitasa kikiharibika, unaripoti ofisini, na fundi wa reli anakuja. Familia haikuwa na shamba popote.

Alisoma palepale hadi darasa la saba, mwaka 1966. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa sisi watoto wake wote, jambo ambalo hakutuacha tulisahau.

Mwaka 1971 aliajiriwa kwenye genge la kutengeneza reli, kipande cha Kibera hadi Dagoretti, akapewa chumba cha wafanyakazi kando ya stesheni ya Kibera. Kila asubuhi yeye na rafiki yake Ouma, mkaazi wa Gatwekera hapo Kibera, walitembea juu ya mataruma yanayobeba reli, wakigonga reli kwa nyundo na kukaza nati zilizolegea. Miaka thelathini na mitatu! Alistaafu akiwa nyapara.

Alipokwenda kumposa mama yetu, Wangoi, hakupokelewa kwa vigelegele. Babu Gichuru, baba yake Mama, alikuwa na ploti zake Kawangware, na machoni pake mtu wa nyumba ya kampuni hakuwa na nyumba.

"Na hiyo reli ikikutoa kazi, msichana wangu atalala wapi? Kwa behewa?"

"Mzee, siku nitarudisha ufunguo ya reli, Wangoi atakuwa na yake."

Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1978, na ahadi ni deni. Mwaka 1989 alipata kiploti pale Kongo, mtaa wa Kawangware, akajenga chumba kimoja kimoja, Jumamosi baada ya Jumamosi, Ouma akimchanganyia simiti. Tarehe 30 Juni 2004 alirudisha ufunguo wa reli asubuhi, na jioni Mama akafungua mlango wake mwenyewe. Babu alikuja kukagua. Alizunguka nyumba mara mbili, akaomba chai.

Novemba hiyo mvua ilinyesha, mabati yakavuja juu ya kitanda. Baba alivaa koti, akatembea mpaka stesheni ya Kibera, akaandika kwa ule mwandiko wake kwamba paa linavuja na fundi atumwe haraka. Karani, dada mmoja aitwaye Nabwire, alisoma akamwangalia.

"Mzee, na hii nyumba ni ya nani?"

Baba aliichukua karatasi akaisoma tena.

"Ai! Si ni yangu!"

Alicheka njia nzima kurudi Kawangware, na Ouma alimcheka mwaka mzima. Kesho yake alinunua lami akapanda juu ya paa mwenyewe, Mama akiwa chini anamwombea.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia. Mwezi uliopita alituomba tumtoe hospitalini tumpeleke nyumbani, tukamtii. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 16 Aprili 2025, mvua kubwa ilikuwa ikinyesha. Alifungua macho akamwuliza Mama, "Inavuja?"

"Haivuji."

"Basi siendi kuripoti," akasema, akatabasamu. Saa tatu alituacha. Tunalia, kwa sababu tulimpenda sana, lakini hatuna kinyongo na Mungu. Alitimiza alichoahidi.

Amemwacha mkewe, Wangoi. Watoto wake Kagiri, Maggie na mimi Wanja, kitinda mimba, ninayewasomea. Na wajukuu Brandon na Mitchelle. Mzee Ouma hatukujua tumwandike wapi, kwa hiyo tumemweka kwa ndugu wa marehemu, na asibishe.

Lala kwa amani, Baba. Ufunguo anao Mama.