Mfasiri Asiwe Ndugu

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono leo, mimi ni mdogo wake marehemu, wa kumfuata, na nimepewa kazi ya kusoma historia ya dada yetu. Naomba mnivumilie, kwa sababu karatasi hii imefutwa na kuandikwa upya mara nyingi tangu Jumanne, na hata sasa sina uhakika kama ninachokisoma ni historia yake au ni yangu. Binti aliyesimama kulia kwangu, anayefuatisha maneno yangu kwa mikono, si wa ukoo wetu, tumekutana naye asubuhi hii getini, ametumwa na ofisi ya marehemu, na sababu ya kutumwa mgeni mtaijua baadaye kidogo.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, mtoto wa kwanza wa baba yetu seremala na mama yetu mshonaji. Cheti cha kuzaliwa kinasema tarehe 9, kadi ya kliniki inasema 19, na shangazi yetu aliyekaa pale mbele anaapa kwamba ilikuwa tarehe 8 kwa kuwa yeye ndiye aliyempokea. Shangazi, usinikunjie uso, nimefuata cheti. Mwezi Machi 1966 aliugua homa ya uti wa mgongo, akalazwa wiki tatu, akarudi nyumbani amenenepa kidogo na anacheka vizuri tu, mpaka siku sufuria lilipoanguka nyuma yake, nyumba nzima tukaruka, yeye akaendelea kupanga vifungo vya mama sakafuni.

Tulikua na ishara zetu za nyumbani, baba alikuwa mkono unaopiga randa, mama alikuwa vidole vinavyotunga uzi kwenye sindano, na yeye mwenyewe alikuwa kidole kwenye nyusi, pale alipokuwa na kovu. Jana wanafunzi wake wameniambia kwamba jina lake kwao ni kugonga mkono mara mbili, mahali pa saa, kwa vile alikuwa hakubali mtu achelewe. Nimekaa na dada yangu miaka yote hiyo, kumbe ana jina nisilolijua, na mpaka sasa kichwa kinanizunguka.

Alianza masomo Januari 1970 katika shule ya viziwi, ambako, ajabu ya mwaka, kutumia mikono darasani lilikuwa kosa, walifundishwa kusoma midomo mbele ya kioo, na aliyekamatwa akitoa ishara aliikalia mikono yake mpaka kipindi kiishe. Alimaliza mwaka 1977, akajiunga na sekondari ya kawaida, peke yake kati ya wanaosikia, akikaa dawati la mbele kabisa na kunakili daftari la jirani yake, na mwalimu akigeukia ubao ndiyo basi, somo limemfungia mlango. Pamoja na hayo, alimaliza kidato cha sita mwaka 1984 akiwa wa pili shuleni katika hesabu, na baba alibandika matokeo ukutani karakanani, juu ya misumeno.

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Historia tuliyoiandaa nyumbani ilisema kwamba mwaka huo marehemu alichagua ufundi cherehani, na ndivyo tulivyokuwa tukisema miaka yote, kwenye arusi, kwenye vikao, kwa wageni, kwamba dada alipata nafasi ya chuo kikuu ila mwenyewe alipenda kushona kama mama. Jumanne nilitumwa kutafuta tarehe sahihi, nikakaa na shemeji, mume wa marehemu, mezani pake, tukafungua faili la marehemu, na humo nikakuta barua ya tarehe 2 Juni 1984, inayosema chuo kimesitisha nafasi yake kwa kuwa mwombaji mwenyewe, kupitia mfasiri wake, ameeleza kwamba angependelea ufundi.

Mfasiri huyo nilikuwa mimi. Tarehe 17 Mei 1984 nilimsindikiza kwenye usaili, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye shati la kuazima, na mama alikuwa ameniambia mlangoni nisikubali mtoto wake akateseke huko peke yake. Wazee watatu nyuma ya meza wakauliza atafuataje mihadhara, na mimi, kwa kimbelembele changu, sikugeuka kumuuliza aliyeulizwa, mdomo ulinitangulia, nikasema itamwia vigumu, angependelea cherehani, wakashukuru, wakaandika. Nje kwenye ngazi akaniuliza kwa mikono wamesema nini, nikamjibu wamesema watatuandikia, akatangulia kutembea mpaka nyumbani, nami nikadhani ana njaa.

Chini ya barua ile, kwa penseli, kwa mwandiko wake ule uliolala upande, ameandika maneno matatu: Nilimtazama mdomo wake. Yaani alijua siku ileile, dada aliyefundishwa miaka minane kusoma midomo mbele ya kioo, na mimi nilikuwa nimekaa naye ubavuni, uso wangu wote kwenye mwanga wa dirisha. Na ndugu zangu, toka Jumanne sijaacha kujiuliza kwa nini hakunipiga hata kofi.

Alishona sare katika kiwanda kuanzia Agosti 1984 hadi 1996. Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu fundi saa, kiziwi mwenzake, ambaye hutambua saa imepona kwa kuiwekea ncha ya kidole, na wakajaliwa watoto wawili, wapwa zangu, binti ambaye ni muuguzi na kijana ambaye ni fundi umeme. Mwaka 1996, akiwa na miaka thelathini na mitano, aliomba tena chuo kilekile, akaambiwa aje na ndugu wa kumfasiria, akakataa katakata, akaja na mwalimu mstaafu wa shule ya viziwi, na tarehe 24 Novemba 2000 alihitimu shahada ya takwimu. Sisi tulilalamika kwamba amepata kiburi, hataki tena msaada wa familia, na aliyelalamika kuliko wote ndiye huyu mnayemsikiliza.

Kazi nayo ilimtoa jasho, maana kila tangazo, hata la kupanga mafaili stoo, liliweka sharti la kupokea simu, na kwa miaka miwili alirudishiwa barua zake na watu ambao, alivyokuwa akisema, hawakuwahi kuonekana wakipokea simu wenyewe. Februari 2003 chuo chake kilimwajiri idara ya kumbukumbu, na mwaka 2007 akapewa chumba kimoja chenye dirisha na mbao mbili za matangazo kiwe ofisi ya wanafunzi viziwi. Humo alipanga wafasiri na waandishi wa muhtasari, akawafundisha wahadhiri kutoongea na ubao, na akawa anawafuata waajiri mlango kwa mlango, daftari mkononi, akiwaomba wafute mstari wa simu, na waliokubali sehemu kubwa walimkubalia ili awaondokee. Wahitimu wake wamekaa upande wa kushoto, mhandisi yumo, mpimaji ardhi yumo, wapo wa maabara na wapo walimu, nami nawaomba wasimame ili tuwaone.

Ofisi ile ilikuwa na masharti manane mlangoni, na la nne lilisema mfasiri asiwe ndugu wa mwanafunzi. Mwaka 2009 nilijitolea kumfasiria mtoto wa jirani yangu, ambaye nilijiita baba yake mdogo, dada akanionyesha sharti la nne kwa kidole, mbele za watu, nikaona ametukana familia nzima, nikasusa kwenda kwake miezi minne. Alikuja yeye kwangu, na maandazi kwenye mfuko, akakaa, akala nami, na hakueleza kitu. Ningemuuliza siku ile, kwa mikono yangu hii, leo nisingekuwa nababaika mbele yenu.

Aliugua figo kuanzia Juni 2022, akawa anahudhuria matibabu mara tatu kwa wiki, na mauti yalimfika hospitalini tarehe 3 Februari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya shemeji. Katika daftari lake la mwisho, ukurasa wa tarehe 29 Januari, ameandika hivi: Historia yangu asome mdogo wangu. Mfasiri asiwe ndugu. Nimeugeuza ukurasa ule, nimetazama nyuma yake, hakuna kingine. Nilimuuliza shemeji kama ni msamaha, au amenisimamisha mbele ya watu wake nijieleze, au ni utani tu, maana alikuwa mtani, shemeji akainua mabega, naye amekaa naye miaka thelathini na sita. Basi nimesoma kama alivyotaka, na nyinyi wa upande wa kushoto, safari hii kila nilichosema kimewafikia, mimi sikukaa katikati.

Familia inamshukuru daktari wake, aliyevuta kiti akakaa mbele ya uso wake na kuzungumza naye mwenyewe, wala si na sisi tuliosimama pembeni, inawashukuru wauguzi, majirani walioanza kufika kabla hatujamaliza kupiga simu, wafanyakazi wenzake chuoni, na binti huyu mfasiri, ambaye mikono yake sasa imechoka.

Pumzika kwa amani, dada. Hilo nalisema kwa niaba yangu mwenyewe tu.