Mtazamaji wa Saa Tatu Asubuhi

Ijumaa, tarehe 28 ya mwezi huu, fundi wa projekta wa Kamati ya Tuzo za Filamu atastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi. Jalada lake lina jina kamili. Kwetu sote, kuanzia mwenyekiti mpaka mlinzi wa getini, yeye ni Mzee Kidirisha, kwa sababu wengi wetu tumemwona kuanzia kidevuni mpaka kwenye paji la uso tu, ndani ya dirisha dogo la kioo lililo juu ya safu ya mwisho ya ukumbi.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na tisa, akitokea kwenye sinema ya mtaani iliyofungwa na kugeuzwa duka la vitanda. Siku ya kwanza alikabidhiwa funguo tatu, koti la bluu lililombana mabegani na nakala ya kanuni za Kamati. Funguo amezirudisha wiki iliyopita, zote tatu. Koti lilichanika zamani. Kanuni amezisoma kuliko mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi hapa, na bila shaka kuliko baadhi ya waliozitunga.

Kwa wageni wa jarida hili, kazi yenyewe iko hivi. Kila msimu, majaji wa tuzo ya muziki na majaji wa tuzo ya athari za picha, yaani moto, maji, moshi na yote ambayo kamera haikuyakuta, hutazama filamu ukumbini kwetu. Kanuni ya kumi na mbili inataka kila filamu ionyeshwe mpaka jina la mwisho, na kila aliyetazama asaini daftari la mlangoni anapotoka. Filamu ambayo haina saini hata moja haiingii kwenye karatasi ya kura. Filamu za vita na za majengo yanayoporomoka huonyeshwa jioni, ukumbi ukiwa umejaa. Filamu za katuni hupangiwa saa tatu asubuhi.

Saa tatu asubuhi majaji hawaji. Sababu zao Mzee Kidirisha anazijua kwa moyo, maana walizisemea kwenye ngazi, mbele ya mlango wake. Wa athari walikuwa wakisema, "Kwenye katuni kila kitu kimechorwa, sasa athari ni ipi hapo?" Wa muziki walisema hizo ni nyimbo za kulalia watoto. Wote walikubaliana kwamba katuni zina tuzo yao, basi zikae nayo. Nimepitia madaftari yote. Katika miaka yake zimeonyeshwa filamu za katuni mia mbili na kumi na nne. Kati ya hizo, mia moja sabini na moja zilionyeshwa kwa viti mia moja na themanini, na hakuna kilichokaliwa.

Zote alizionyesha mpaka mwisho. Mhasibu mmoja, mgeni kazini na mwenye uchungu na bili ya umeme, aliwahi kupanda ngazi kumshauri. "Mzee, si uzime tu bwana, nani atajua?" Mzee alitazama saa. "Bado dakika hamsini na moja," akasema, akamfungia mlango. Mhasibu anakisimulia kisa hicho mwenyewe kila mwisho wa mwaka, na kila mwaka dakika zinaongezeka.

Chumba chake kina hatua nne kwa tatu, kiti kimoja, birika la umeme na feni inayolalamika. Kando ya kitufe cha kuzungusha sauti amebandika kipande cha plasta chenye alama mbili za penseli. Moja imeandikwa "watu", nyingine "viti". Alinieleza kwamba miili na nguo za watu hunywa sauti, ilhali viti vitupu huirudisha. Ukiacha kitufe pale pale, muziki wa ukumbi mtupu unapiga kelele, na mpiga filimbi aliyepuliza kwa upole anasikika kama anagomba. Kwa hiyo jioni aliweka kwenye "watu", na asubuhi akarudisha kwenye "viti". Hakuna aliyemwagiza. Hakukuwa na mtu ukumbini wa kusikia tofauti.

Nyumbani, marehemu mkewe, aliyekuwa fundi cherehani, alikuwa akimuuliza swali moja kila jioni anapovua viatu. "Leo asubuhi mlikuwa wangapi?" Naye alikuwa akimjibu, "Tulikuwa mmoja." Wakacheka, wakala. Mama huyo alifariki miaka sita iliyopita. Binti yao, muuguzi anayeishi mbali, hupiga simu kila Jumapili, na swali hilo amelirithi. Jibu halijabadilika.

Hatuwezi kuandika wasifu huu tukaruka mwaka wake wa kumi na tisa. Msimu ule ilikuja filamu ya katuni ya dada wawili wanaogombana ndani ya nyumba inayojaa maji. Maji yale yalichorwa na wachoraji kumi na mmoja kwa miaka minne. Kuna mahali kijiko kinaelea kutoka mezani, kinapanda na maji chumba kizima, na muziki wote unabaki uzi mmoja wa fidla. Kijiko kinapogusa dari, fidla inakatika. Mzee Kidirisha aliniambia kwamba pale alisimama bila kujua amesimama.

Filamu ilipoisha, alishuka mlangoni. Daftari lilikuwa tupu. Akachukua kalamu, akasaini kwa jina lake kamili, saa ya kuingia na saa ya kutoka, kwenye safu ya athari na kwenye safu ya muziki. Kwenye nafasi ya cheo aliandika "fundi wa projekta". Hakughushi kitu. Karani aliona saini, akaingiza filamu kwenye karatasi za kura, na karatasi mia moja na ishirini zikachapwa kabla ya mtu kusoma cheo.

Aliitwa mbele ya mwenyekiti wa wakati huo. Kumbukumbu za kikao zina mistari sita, na nainakili miwili.

"Wewe ni jaji?"

"Hapana, mheshimiwa. Lakini filamu imetazamwa."

Filamu iliondolewa, karatasi zikachapwa upya, na safu ya daftari ikaongezwa maneno "majaji tu". Mzee alipewa barua ya onyo, ambayo bado imo kwenye jalada lake. Barua hiyo iliandikwa na anayeandika wasifu huu, aliyekuwa katibu wa kumbukumbu, na ambaye naye hakuwa ameitazama filamu ile.

Miezi mitatu baadaye alikuja ofisini mchoraji mmoja kati ya wale kumi na mmoja, kuuliza kwa nini filamu yao haikufika hata kwenye kura. Watu wa mapokezi, kwa kutojua wampeleke wapi, walimwelekeza ghorofani. Alimkuta Mzee anakunywa chai. Badala ya kumjibu, Mzee akaanza kumweleza kile kijiko: kilipoinuka, kilipogeuka, mwanga ulivyokipata upande mmoja. Mchoraji akakaa kwenye kiti kile kimoja. Kijiko kilikuwa chake, miezi saba ya maisha yake.

"Mlikuwa wangapi siku hiyo, baba?" akauliza.

"Tulikuwa mmoja, binti yangu. Mpaka mwisho."

Mchoraji aliacha karatasi moja ya kijiko, ambayo mpaka leo imebandikwa juu ya birika. Studio yao ilifungwa mwaka uliofuata. Wengi wao wanachora matangazo ya biskuti.

Baada ya barua ile Mzee hakusaini tena. Alianza kuchapa mialiko kwa mkono wake na kuisambaza kwenye visanduku vya majaji, kila katuni na mwaliko wake, kwa miaka kumi na miwili. Msimu huu, wa mwisho kwake, jaji mmoja wa muziki aliingia ukumbini saa tatu na dakika kumi. Hakuja kwa mwaliko. Alikuwa ameangusha miwani jana yake jioni, na alipapasa chini ya viti gizani huku akiomba radhi kwa ukumbi usio na mtu. Alipoipata, akaivaa ili aone njia, akatazama picha kwenye pazia, akakaa. Alikaa mpaka jina la mwisho, akasaini. Filamu hiyo iliingia kwenye kura ya muziki, ya kwanza katika miaka tisa. Ilipata kura nne, na orodha ya mwisho ilitaka kumi na tano. Safu ya athari ilibaki nyeupe. Siku ya matokeo nilipopita chini ya kidirisha, Mzee alinionyesha vidole vinne kwenye kioo, kisha akaendelea kufuta vumbi.

Tulipomuuliza anataka kuagwa vipi, alikataa keki na hotuba. Aliomba ile filamu ya nyumba yenye maji ionyeshwe yote, na yeye apewe kiti. Katika miaka hiyo yote hajawahi kukaa kwenye viti vya ukumbi wetu filamu ikiendelea. Jumanne alishuka kujaribu, akahamahama viti kumi na kimoja, mpaka mlinzi akamtania, "Mzee, unachagua kiti au unachagua mke?" Amechagua safu ya tano, cha pembeni, ili aweze kutoka haraka mashine ikileta shida. Tumemwambia haitaleta. Hakutuamini.

Basi, Ijumaa saa tatu kamili asubuhi, wafanyakazi wote arobaini na wawili tuwe ukumbini. Mchoraji wa kijiko amejibu kwamba atakuja. Majaji wamealikwa. Fundi mpya ameshaagizwa aweke sauti kwenye alama ya "watu". Daftari litakuwa mlangoni, na karatasi ya kura hakuna. Tusaini tunapotoka, si tunapoingia, na asitoke mtu kabla ya jina la mwisho.

Mzee Kidirisha, ahsante kwa kila dakika uliyoionyesha na kwa zile ulizozitazama kwa niaba yetu. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi ulioukosa, na wageni wa kutosha nyumbani. Na Jumapili, binti yako akiuliza mlikuwa wangapi, umpe hesabu mpya.