Mwalimu Sijui na Somo Lake la Mwisho

Ndugu, majirani na wanafunzi, mimi ni mdogo wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu wake kwa sababu ndimi mwenye sauti kubwa nyumbani. Nikikwama katikati, nivumilieni.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Akiwa mdogo aliifumua suruali ya mteja ili aone ilivyoshonwa. Baba alimchapa, kisha akamwambia aishone tena. Aliishona, mguu mmoja ukawa mfupi.

Shule alianza mwaka 1961. Hakuwa wa kwanza darasani, na yeye mwenyewe asingependa nimsifu kwa uongo. Alikariri kama kasuku mpaka chuo kikuu, ambako mzee aliyemfundisha falsafa alimrudishia insha akisema, "Binti, haya ni maneno yangu. Yako yako wapi?" Alilia siku ile, akaandika upya, na mwaka 1977 akahitimu.

Mwaka 1979 aliajiriwa na chuo ambacho hakukiacha tena, hata alipostaafu. Alifundisha somo la pamoja la mwaka wa kwanza. Wahasibu, wauguzi na mafundi umeme walikaa meza moja wakasoma historia, hesabu, falsafa na muziki. Kila mwaka wanafunzi walimchagulia jambo asilolijua, naye akajifunza mbele yao, wakiona anavyokosea na anavyojisahihisha. Mwaka wa gitaa, majirani mnaukumbuka, poleni. Akiulizwa asilolijua alijibu, "Sijui. Tutajuaje?" Hivyo akaitwa Mwalimu Sijui.

Mwaka 1982 alifunga ndoa na fundi bomba aliyekuja kurekebisha mifereji ya nyumba za walimu. Alipomposa, dada alimjibu, "Sijui." Shemeji, mtu wa maneno machache, akasema, "Tutajuaje bila kujaribu?" Walijaliwa binti na mwana.

Mwaka jana bodi ya chuo ilitaka kulifuta somo lake. Mjumbe mmoja aliuliza, "Mhasibu anahitaji muziki wa nini?" Dada akamjibu, "Njooni darasani muhula ukifunguliwa. Msipoona faida, lifuteni, kufuli nitaleta mimi." Tarehe 2 Agosti, kabla ya siku hiyo kufika, alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulipooza na maneno yakampotea. Daktari alimwambia apumzike. Alitikisa kichwa kwa hasira, nami nikafurahi kuiona hasira ile.

Muhula ulipofunguliwa, shemeji alimsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka darasani. Wajumbe walikaa nyuma. Wanafunzi waliimba wimbo wa chuo, kisha binti yake akasema, "Mwaka huu msimchagulie Mama jambo. Anajifunza kusema." Akamwonyesha kikombe. Dada alihangaika mpaka jasho likamtoka, neno halikuja. Mwanafunzi wa uuguzi akauliza, "Mwalimu, tukusaidieje?"

"Sijui," akasema. Lilikuwa jibu lake la kwanza tangu augue.

Darasa likaitikia, "Tutajuaje?" Ndipo mwanafunzi wa uhasibu akanyoosha mkono. "Tulipoimba, Mwalimu aliimba nasi na maneno hayakumkwama. Tumwimbie kikombe." Wakaliimba neno hilo, naye akaliimba. Shemeji alilia waziwazi. Mjumbe yule hakuuliza tena habari za muziki, na somo halikufutwa.

Alijifunza hivyo mwaka mzima, neno baada ya neno, mpaka akaweza kuwaita wajukuu kwa majina na kunigombeza mimi. Kiharusi cha pili kilimchukua nyumbani, asubuhi ya tarehe 14 Oktoba 2024, mumewe akiwa amemshika mkono. Inatuuma sana.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu, sisi wadogo zake wawili, na wanafunzi ambao siwezi kuwahesabu.

Dada, ulijifunza mengi, lakini kupumzika kulikushinda. Hilo nalo lianze leo, polepole kama ulivyotufundisha. Pumzika kwa amani.